Somo: Kuchagua na Kubadilisha Oili ya Injini katika Gari Jipya

Kabla hujashika spana na kabla hujanunua oili, toa kitabu cha gari kwenye droo ya dashibodi, tafuta ukurasa wa vipimo, kisha andika mambo manne: uzito wa oili (yaani wepesi au ugumu wake wa kutiririka, si kilo), daraja lake la ubora, ujazo wa lita pamoja na filta, na umbali au muda wa kuibadilisha. Somo hili lote linasimama juu ya ukurasa huo. Nimefundisha kazi hii kwa miaka mingi, na kinachoniuma hadi leo ni kuona injini changa, isiyo na kasoro yoyote ilipotoka kiwandani, ikiharibiwa na mtu aliyeamini mazoea kuliko kitabu.

Tuanze na uzito, kwa kuwa hapo ndipo wengi wanapoteleza. Chukua mfano wa oili iliyoandikwa 0W-20. Namba inayofuatwa na herufi W hueleza jinsi oili inavyotiririka ikiwa baridi, na kadiri inavyokuwa ndogo ndivyo oili inavyowahi kupanda hadi kwenye kamshafti, ile shafti inayofungua valvu, unapowasha gari. Namba ya pili hueleza uzito wake ikiwa imefikia joto la nyuzi 100 za Selsiasi. Imani kwamba oili nzito hulinda zaidi tumeirithi kutoka kwa injini za zamani, ambazo nafasi kati ya shafti na beringi ilikuwa kubwa na oili haikuwa na kazi nyingi zaidi ya kulainisha. Injini nyingi za leo hutumia shinikizo la oili hiyo hiyo kurekebisha muda wa kufunguka kwa valvu, kukaza cheni ya taimingi, na kurusha vijito vya kupoza pistoni kutoka chini. Ukimimina oili nzito kuliko iliyokusudiwa, itachelewa kupita katika vijia hivyo vyembamba, gari litakunywa mafuta zaidi, na mfumo wa valvu unaweza kuyumba mpaka taa ya injini iwake.

Wapo wanaosema kwamba mahali pao pana joto kali na kwa hiyo oili nyepesi haiwafai. Hoja hiyo ina ukweli kidogo tu. Injini ikishapata moto, thamostati (kidhibiti cha joto) na rejeta huishikilia karibu na joto lile lile, iwe ni mchana wa jua kali au usiku wa baridi. Vitabu vingine huwa na jedwali linaloruhusu uzito zaidi ya mmoja, hasa kwa gari linalovuta trela au linalokimbizwa kwa muda mrefu. Kama chako kinalo, chagua ndani ya jedwali hilo, wala usitoke nje yake.

Daraja la ubora ni jambo tofauti na uzito, na oili mbili zilizoandikwa 5W-30 zinaweza kuachana mbali sana. Katika alama za API, taasisi ya petroli ya Marekani, herufi S hutangulia madaraja ya injini za petroli na herufi C hutangulia yale ya dizeli. Daraja la SP, lililoanza mwaka 2020, liliwekwa kwa kuzingatia injini ndogo zenye turbo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini), ambazo mchanganyiko wa petroli na hewa unaweza kulipuka kabla ya cheche wakati injini inavuta mzigo kwa mzunguko mdogo, na mlipuko wa namna hiyo huweza kuvunja pistoni. Kitabu kikitaja SN, daraja lililotangulia SP, oili ya SP yenye uzito ule ule inafaa. Kikitaja SP, usirudi nyuma. Gari la dizeli lenye chujio la masizi kwenye bomba la moshi linahitaji oili yenye majivu machache, kama zile za kundi la C katika viwango vya ACEA, chama cha watengenezaji magari wa Ulaya, kwa sababu majivu ya oili hayaungui na hubaki yameziba chujio hilo daima. Baadhi ya watengenezaji huongeza namba zao wenyewe za idhini. Hizo nazo zitafute nyuma ya kopo, neno kwa neno.

Kuhusu sintetiki, yaani oili iliyoundwa kwa kemia kiwandani, sina mengi ya kusema: uzito mwepesi kama 0W-20 hutengenezwa kwa sintetiki, hivyo kitabu kinakuwa kimeshakuamulia.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Washa injini dakika chache ili oili ipate uvuguvugu, maana oili ya uvuguvugu humwagika vizuri na kuondoka na uchafu wake, lakini usiifanye kazi hii injini ikiwa moto wa kuunguza. Egesha mahali tambarare, vuta breki ya mkono, weka vizuizi kwenye magurudumu, inua kwa jeki, kisha liegemeze gari juu ya stendi imara. Usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja.

Ukiwa chini, hakikisha bolti unayotaka kufungua ni ya sampu ya injini, yaani bakuli la oili lililo chini yake. Katika magari mengine bolti ya gia boksi iko karibu na inafanana nayo, na nimepokea gari ambalo mwenyewe alimwaga oili ya gia, kisha akaongeza lita kadhaa kwenye injini iliyokuwa imejaa tayari. Fungua kifuniko cha kujazia juu, weka beseni, legeza bolti kwa spana inayoikaa sawasawa, na umalizie kwa vidole huku ukiisukuma ndani kidogo mpaka uzi uishe. Oili ikibaki kudondoka tone moja moja, pangusa uso wa sampu, weka washa mpya (pete ya kuzibia ya bolti), rudisha bolti kwa mkono kwanza, kisha kaza kwa spana inayopima nguvu, kwa kipimo cha kitabu. Sampu nyingi ni za alumini, na uzi wake ukishaliwa, ukarabati wake ni wa taabu.

Filta inastahili uangalifu kuliko yote. Ukiifungua, itazame mdomoni: lazima mpira wake wa duara utoke nayo. Kuna wakati mpira huganda kwenye injini, na mtu akifunga filta mpya juu yake, mipira miwili hukaa kana kwamba imeshika, mpaka injini inapowashwa na shinikizo likaisukuma nje, oili yote ikamwagika chini kwa muda mfupi. Lilinipata nikiwa mwanafunzi, na tangu siku hiyo hupitisha kidole kuzunguka pale filta inapokaa, hata kama nimeuona mpira wa zamani kwa macho yangu. Paka oili mpya kidogo kwenye mpira wa filta mpya, izungushe mpaka iguse, halafu kaza kwa mkono kadiri ilivyoandikwa ubavuni mwake. Mara nyingi ni robo tatu ya mzunguko. Filta za aina ya karatasi zinazokaa ndani ya kikombe zina mpira kwenye kifuniko, nao hubadilishwa kila mara.

Mimina oili ikiwa imepungua kidogo kuliko ujazo wa kitabu. Washa injini, subiri taa nyekundu ya oili izimike, chungulia chini kama kuna mvujo, kisha zima. Baada ya dakika tano hadi kumi, gari likiwa limeshushwa mahali tambarare, chomoa kijiti cha kupimia oili, kipanguse, kirudishe hadi mwisho, ukichomoe tena na usome. Ongeza kidogo kidogo mpaka ikaribie alama ya juu bila kuipita, kwa sababu oili ikizidi hupigwa na krankshafti, shafti kuu inayozungushwa na pistoni, ikafanya povu, na povu halilainishi chochote. Andika tarehe na kilomita, na utunze risiti ya oili na ya filta, kwani ndizo ushahidi wako wakati wa kudai garantii.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Shikamoo mwalimu. Gari langu lina kilomita 900 tu na fundi anasisitiza nimwage oili ya kiwandani ili nitoe vyuma vilivyosagika. Nifanye hivyo?

Jibu: Marahaba. Fuata kitabu, ndugu yangu. Wapo watengenezaji wanaoagiza mabadiliko ya mapema, na wapo wanaokataza kabisa kuitoa oili ya kiwandani kabla ya muda wake, kwa sababu iliwekwa mahususi kwa ajili ya kuzoesha injini. Vyuma vidogo vya siku za mwanzo hunaswa na filta. Linalokuhusu zaidi sasa ni kupima kwa kijiti mara kwa mara, kwani injini mpya inaweza kula oili kidogo mpaka ringi za pistoni zikae sawa, na kuepuka kuikamua kwa nguvu au kuvuta mizigo mizito.

Swali: Kitabu kinasema kilomita 10,000 au miezi 12. Mimi huendesha safari fupi tu, sifikishi hata kilomita 5,000 kwa mwaka.

Jibu: Kitakachotangulia ndicho kinachohesabika, nawe muda utakutangulia. Safari fupi ni ngumu kwa oili kuliko safari ndefu, kwa kuwa injini haipati joto la kutosha kukausha unyevu na mafuta yanayopenya kwenye sampu. Tazama pia sehemu ya matumizi magumu katika kitabu: humo utakuta vumbi, foleni na safari fupi, na muda wake huwa mfupi zaidi.

Swali: Oili ya dizeli yangu imekuwa nyeusi wiki moja tu baada ya kubadilishwa. Je, niliuziwa oili bandia?

Jibu: Weusi peke yake si ushahidi, dada. Oili ya dizeli hubeba masizi, na kubadilika rangi mapema ni dalili kwamba inasafisha. Lililo baya ni kiwango kupanda kwenye kijiti bila wewe kuongeza, maana huenda dizeli inaingia kwenye oili, hasa kama chujio la masizi linashindwa kumaliza kujisafisha kwa sababu ya safari fupi. Ukiliona hilo, lipeleke gari likapimwe.

Swali: Taa nyekundu ya oili iliwaka njiani, ikazimika nilipokanyaga mafuta. Niendelee hadi nyumbani?

Jibu: Hapana. Taa hiyo inapima shinikizo wala si kiwango, na kuzimika kwake mzunguko unapopanda hakumaanishi kwamba tatizo limekwisha. Egesha, zima injini, ngoja dakika chache na upime kwa kijiti. Ikiwa imepungua, ongeza ya uzito uliotajwa; katika dharura, oili ya chapa nyingine yenye uzito na daraja lile lile inachanganyika bila madhara. Ikiwa imejaa na taa bado inawaka, usiiwashe tena. Liite gari la kuvuta.