Bustani ya mboga kwenye mchanga wa Dar: tuta lizame, lisiinuke

Chota konzi ya udongo wa uani, uloweshe, uufinye. Ukimomonyoka mara unapofungua kiganja, unalima mchanga, kama wakazi wengi wa Kigamboni na Mbagala. Mchanga haushiki maji, na maji yakishuka yanaondoka na mbolea. Tuta la kuinua ni zuri kwenye mfinyanzi. Hapa linakauka kabla ya adhuhuri.

Pima mita 1 kwa 3, chimba sentimita 40. Udongo wa juu, wenye weusi kidogo, uweke peke yake. Chini panga makumbi ya madafu, ambayo wauzaji huyatupa kila siku: yakatekate kwa panga, yaloweke siku mbili, mwaga maji hayo ya kahawia, kisha yatandaze unene wa sentimita 10. Yatashika maji ambayo mchanga ungeyapoteza. Juu yake rudisha sentimita 20 za udongo wa juu uliochanganywa na ndoo 7 za lita 20 za samadi ya ng'ombe iliyooza. Uso wa tuta ubaki sentimita 10 chini ya ardhi. Mchanga uliobaki ujengee kingo.

Kwenye samadi ya kuku ndipo wengi wanapoharibu. Ikiwa mbichi inaunguza mizizi, na maranda ya bandani yaliyochanganyika nayo, yasipooza, yananyang'anya mmea naitrojeni, mboga inageuka njano ukidhani ina kiu. Irundike kivulini miezi miwili, uigeuze kila wiki na kuinyunyizia maji. Iko tayari ikiwa katikati ya rundo hakuna joto wala harufu kali ya mkojo. Hata hapo, ndoo 1 inatosha tuta zima.

Anza na mchicha. Changanya kijiko kimoja cha chai cha mbegu na kikombe cha mchanga mkavu, mwaga kwenye mistari iliyoachana sentimita 20, fukia kidogo sana. Wiki ya tatu au ya nne unang'oa. Matembele ni rahisi zaidi: kata marando ya sentimita 30, zika nusu.

Maji ni ndoo moja kwa siku, nusu asubuhi, nusu jioni. Ukimwaga yote mara moja, mengi yanapotea chini. Tandaza nyasi kavu mboga zikishachomoza. Kisima kikiwa na maji ya chumvi, ncha za majani zitaungua. Acha maharage, panda spinachi na mchicha, na usitumie samadi ya kuku, maana nayo ina chumvi.

Bamia au nyanya ikidumaa, ing'oe utazame mizizi. Vifundo ni kazi ya minyoo fundo, wanaopenda sana mchanga: usirudishe mazao hayo hapo msimu unaofuata.

Joto la Dar linamaliza samadi upesi, kwa hiyo ongeza ndoo 2 za samadi ya ng'ombe kila baada ya mavuno. Na kama uwanja wako hutuama maji wakati wa masika, jaza tuta hadi usawa wa ardhi kabla ya Machi.