Pima Nguvu ya Springi ya Valvu, Usiishie Kwenye Urefu

Niliwahi kufunga springi 16 mpya za valvu, zile zinazorudisha valvu za injini zifunge, baada ya kuzipima urefu tu. Zote zilisoma milimita 46.5, nikaridhika. Siku chache baadaye gari likarudi: injini inamisi ikipita mizunguko 5,000 kwa dakika. Nilipofungua na kuzipima nguvu moja moja, tatu zilikuwa legevu, na zote zilitoka boksi moja. Iliniuma, maana mwenye gari alilipia kazi kamili.

Kwa hiyo, kabla ya kufunga springi zisizo za mtengenezaji wa gari, kwanza zioshe mafuta kisha uzipe namba kwa rangi. Usitie alama kwa kukwaruza wala kupiga patasi, kwa sababu mkwaruzo mdogo ndipo ufa huanzia. Pitisha ukucha juu ya waya, msokoto kwa msokoto. Ukinasa mahali, au ukiona kishimo cha kutu, itoe. Kisha isimamishe kando ya guniya, kifaa cha kupimia pembe mraba, na uizungushe. Ikiegemea upande waziwazi, irudishe dukani.

Sasa nguvu, na hapa usiwe na haraka. Mimi hutumia drili ya kusimama, plagi ikiwa imechomolewa. Mahali pa keekee nafunga boliti yenye kichwa bapa. Chini naweka mizani ya mizigo inayofika kilo 100. Ile ya kupimia watu mara nyingi hugandisha tarakimu kabla hujamaliza. Vaa miwani ya kazi, springi ikichomoka ni hatari. Ikandamize mara tatu au nne bila kusoma kitu, kwani mpya hujikalisha kidogo mwanzoni.

Vimo viwili vya kupimia springi ikiwa imekandamizwa viko kwenye kitabu cha injini: valvu ikiwa imefungwa, na ikiwa wazi kabisa. Kwa injini ile vilikuwa milimita 40 na 31. Pima kimo kwa venia (kipimo chenye taya mbili) kwenye springi yenyewe, usitegemee mkono wa drili, kwa kuwa mizani nayo hubonyea.

Nzima zilisoma kilo 26, kisha 62. Tofauti ni kilo 36 ndani ya milimita 9, yaani kilo 4 kwa kila milimita. Zile tatu zilisoma 23.5 na 56. Nikashika maikrometa, kipimo cha unene mdogo sana: waya wa nzima ulikuwa milimita 4.0, wa zile tatu 3.9. Ugumu wa springi hufuata kipenyo cha waya kikizidishwa chenyewe mara nne, kwa hiyo hiyo sehemu moja ya kumi ya milimita ilikuwa imekula karibu asilimia 10 ya nguvu. Kwenye mizunguko 6,000 kila springi hufunga valvu yake mara 50 kwa sekunde, iliyolegea haiwahi.

Fuata kiwango cha kitabu. Lakini hata zote zikiwa ndani ya kiwango, mimi sikubali springi iliyopishana na wastani wa seti kwa zaidi ya asilimia 5.

Mwisho, ikandamize hadi misokoto igusane, usome kimo. Kati ya hapo na kimo cha valvu wazi nataka ibaki angalau milimita 1.5. Andika vipimo vyote kwa namba za springi, na karatasi hiyo mpe mwenye gari.