Ukienda kutibiwa kiwewe Uingereza, usiende na ndugu

Nawaandikia watu wa Tanga mlioko Uingereza, na zaidi akina dada mliopitia Muscat kabla ya kufika huku, maana najua tuko wengi. Nilipoteza miezi 9 ya kutafuta tiba ya kiwewe, lile jeraha la moyo linalobaki baada ya mateso, kwa kosa moja, na kosa lenyewe lina sura ya adabu. Nilipopiga simu kwa daktari wa familia, binti wa mapokezi aliniuliza kama nina mtu wa kunitafsiria. Nikasema ninaye, nitakuja na wifi yangu. Hapo ndipo niliponasa.

Usiende na ndugu. Nitalirudia hili mpaka mnichoke.

Mimi ni mtoto wa Ngamiani. Nilikwenda Oman kufanya kazi za ndani, nikakaa mwaka na nusu kwenye nyumba ambayo mlango wa chumba changu ulifungwa kwa nje kila usiku, na pasipoti yangu ikawekwa kwenye kabati la mwenye nyumba. Mengine ya nyumba ile siyaandiki hapa. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu Watanzania wanaofanya kazi za ndani Oman na Falme za Kiarabu. Kunyang'anywa pasipoti, kufungiwa ndani, kupigwa, kuingiliwa, yote yamo. Kwa hiyo aliyepatwa asijione yuko peke yake, na asiyepatwa asiseme ni maneno ya mitaani.

Nilirudi nyumbani, nikaolewa, mume wangu akanileta huku Leicester, nikadhani yamekwisha. Mwaka wa pili usingizi ukakata. Nikisikia ufunguo unazungushwa kwenye kitasa, hata kama ni wa jirani, mikono inakufa ganzi. Usiku jinamizi linanikaba mpaka alfajiri.

Basi tukaenda, mimi na wifi. Nikamwambia, mwambie silali, na jinamizi linanikaba. Wifi, kwa nia njema kabisa, akamwambia daktari kwamba nakabwa na jini. Jinamizi si jini. Kwetu hata mtoto mdogo analijua jinamizi: unazinduka usingizini, macho yanaona, mwili hausogei, kifua kizito. Daktari akaacha kuandika, akauliza kama nasikia sauti za watu wasioonekana.

Kisha akatoa fomu. Ukitafuta msaada huu huku utakutana nayo mara nyingi, inaitwa PHQ-9, ni ya kupima sonona, ile huzuni nzito isiyoondoka. Ina maswali 9 kuhusu wiki 2 zilizopita, kila swali alama 0 mpaka 3. Swali la 9 linauliza kama umekuwa ukifikiri ni bora ungekufa, au kujidhuru. Kiingereza changu wakati ule kilikuwa cha kuombea maji, lakini neno lile la kufa nililisikia. Wifi hakunigeukia. Alimjibu daktari mwenyewe: hapana, huyu anaswali.

Jibu langu la kweli lilikuwa ndiyo. Nikanyamaza. Ningesemaje mbele yake? Ni dada wa mume wangu, siku tatu kabla alikuwa ameniletea samaki wa kupaka.

Nikapimwa damu, nikapewa dawa za maumivu, nikarudi nyumbani. Wiki haijaisha, simu zimeshafika Tanga. Mama ameanza kuchangisha fedha za zinguo. Mjomba anasema ni mashetani ya Kiarabu niliyotoka nayo Muscat, yanataka ngoma. Watu wakaanza kukisia nilipatwa na nini kule, na makisio yao yakamfikia mume wangu kabla sijapata nguvu ya kumweleza kwa mdomo wangu. Hili la mwisho ndilo lililoniumiza kuliko fomu.

Wifi yangu si mtu mbaya. Lakini ndugu hawezi kuwa mkalimani wako kwa sababu naye yumo ndani ya habari yako. Ana jina la ukoo la kulinda, ana kaka yake wa kumwonea huruma, ana aibu yake mwenyewe. Atapunguza hapa, ataongeza pale, na wewe utapunguza kabla hata hujafungua mdomo. Mume vilevile, hata akiwa mpole kama wangu. Na mtoto ndiyo kabisa. Nimeona akina mama wanakwenda na binti wa darasa la sita kwa sababu anajua Kiingereza. Mnambebesha mtoto mzigo ambao nyinyi wenyewe umewashinda. Msifanye hivyo, tafadhalini.

Mkalimani ni haki yako na hulipi hata senti. Kazi ya kumtafuta ni ya kliniki, si yako, na mwongozo wa NHS, huduma ya afya ya serikali ya Uingereza, unasema wazi kwamba ndugu wasitumike kutafsiri. Binti wa mapokezi akikuuliza kama una mtu, jibu huna. Si uongo. Mtu wa kazi hiyo huna. Kisha taja mambo yako palepale. Sema unataka Kiswahili cha Tanzania, kwa sababu mara ya kwanza mimi nililetewa mkalimani wa Kiswahili cha Kongo, mama mwema sana, tukaelewana nusu. Sema unataka mwanamke, kama yaliyokupata ni ya kusemwa mbele ya mwanamke. Na omba awe wa kwenye simu, wa mji mwingine. Waswahili wa mji mmoja huku tunajuana wote, tunakutana madrasa, harusini na kwenye maulidi. Ukisikia sauti unayoifahamu, sema papo hapo kwamba humtaki, wala huna haja ya kueleza kwa nini. Mimi wa tatu ndiye aliyenifaa. Nilipotaja jinamizi alimwomba mtaalamu dakika moja, akamfafanulia kwetu neno hilo lina maana gani, halafu ndipo akatafsiri sentensi yangu. Nililia kwa hilo tu.

Tahadhari ya pili inatokana na malezi yetu. Sisi tukiulizwa habari tunajibu nzuri. Habari za nyumbani? Nzuri, ila baba amefariki. Ndivyo tulivyofunzwa, na ni uungwana. Fomu ile haijui uungwana. Ukijibu alhamdulillah, siku kadhaa tu, kwa kila swali, alama zinakuwa ndogo na wao wanasoma alama. Shukuru Mungu moyoni, kwenye karatasi andika usiku ngapi hukulala.

Utaratibu wenyewe mnaujua au mtauelewa haraka. Kujiandikisha kwa daktari wa familia ni bure kwa kila mtu, hata asiye na makaratasi wala uthibitisho wa anwani. Aliyeko England anaweza kujipeleka mwenyewe NHS Talking Therapies, huduma yao ya tiba ya mazungumzo, kwa simu au mtandaoni bila kupitia kwa daktari. Foleni ipo, jiandikishe mapema. Ukiamua kulipia binafsi, angalia kama mtu yumo kwenye orodha ya BACP au UKCP, vyama vya wataalamu wa ushauri nasaha na tiba ya mazungumzo, kwa sababu sheria ya huku haimzuii yeyote kujiita mshauri nasaha na kutundika kibao. London kuna Nafsiyat, kituo kilichoanzishwa mwaka 1983 na Jafar Kareem kwa ajili ya watu wa tamaduni mbalimbali, na jina lenyewe mnalisikia lina nafsi ndani yake. Na kama jibu lako la swali la 9 ni kama langu, usingoje foleni: piga 111, simu ya NHS, kisha chagua 2, au Samaritans, shirika la kusikiliza waliokata tamaa, 116 123, usiku na mchana. Hatari ikiwa mlangoni, piga 999, namba ya dharura.

Sasa niwaambie tiba yenyewe, kwa sababu wengi mnaogopa. Kwetu ukitaja tiba ya akili mtu anawaza hospitali za Lutindi au Mirembe. Mimi nilikuta chumba kidogo, viti viwili, sanduku la karatasi za kufutia machozi na simu ya mkalimani mezani. Swali la kwanza la yule mwanasaikolojia halikuwa nini kilikupata. Aliniuliza: mlango tuufunge, au tuuache wazi? Nikamwangalia. Nikasema uwe wazi kidogo. Akainuka, akasukuma kiti chake kando ili njia ya kwenda mlangoni iwe yangu, akauacha mlango wazi kiasi cha kiganja, akaketi. Miaka minne hakuna mtu aliyeniuliza habari ya mlango.

Ndivyo mtaalamu anayejua kiwewe anavyofanya. Hakuchokonoi. Wiki za mwanzo tulijifunza namna ya kutuliza mwili tu, kupumua, kutaja vitu vitano ninavyoviona mbele yangu. Habari ya Muscat tuliigusa baadaye, nilipokuwa tayari, kipande kipande, na kila mara nilikuwa na ruhusa ya kusimamisha. Miongozo ya NICE, taasisi inayoelekeza madaktari wa huku watibu vipi, ya mwaka 2018 inataja tiba ya mazungumzo inayolenga kiwewe, na ile ya kufuatisha macho iitwayo EMDR. Uliza ipi unapewa na kwa nini. Kikao cha kwanza uliza pia kuhusu siri: wataitunza, isipokuwa kukiwa na hatari kwa maisha yako, ya mwingine, au ya mtoto. Na ukikutana na mtaalamu anayecheka ukitaja kombe, zile aya zinazoandikwa sahanini zikaoshwa na kunywewa, au dua, omba mwingine. Wangu aliniuliza kombe huandikwaje, nikamweleza zafarani, sahani nyeupe na marashi ya waridi, akataka kujua nilijisikiaje nilipolinywa. Nilijisikia mama yangu ananipenda. Akaliandika hilo.

Nyinyi mliobaki nyumbani, nawaheshimu, lakini msituambie huko mko peponi mna huzuni ya nini. Msichangishe fedha za zinguo kabla ya kumuuliza mwenyewe anataka nini. Mama akipenda kusoma Yasini kwa ajili yangu, asome, inanifikia. Kunirudisha ili nichezewe ngoma na nyumba nzima ya watu wakiniangalia, hapana.

Na hawa wenyeji wetu, nimewafikiria sana. Watakuuliza kama u mzima wakiwa wanapita, hawangojei jibu. Wanafiwa, na wiki ijayo wako kazini, hakuna kukaa matanga, hakuna wanawake kujaa ukumbini na kulala kwenye mikeka. Nadhani ndiyo maana wamelazimika kujenga vyumba vya kulilia na kuwalipa watu wa kusikiliza. Kikao kinakwisha dakika ya 50 hata kama machozi hayajakauka, na mwanzoni niliona ni ukatili. Lakini siri wanaijua kuitunza. Nimekutana na yule mwanasaikolojia sokoni, nikiwa na mume wangu, akapita kama hanijui, akaningoja nimsalimie mimi kwanza kama nataka. Sisi tuna mikeka na watu, siri ndiyo imetushinda.

Mkiwaza mtamwambiaje wifi au shangazi kwamba hamtaki aingie nanyi, msimnyime yote. Mimi nilimwambia wifi yangu: kwa daktari wamesema wataleta mkalimani wao, lakini naogopa njiani, nisindikize. Kila Jumanne alinisindikiza, tukateremka kituo cha basi mbele ya kliniki, akakaa pale kwenye benchi na chupa ya chai ya tangawizi mpaka nitoke. Hakuniuliza tulizungumza nini. Alinimiminia chai, tukapanda basi.