SOMO: Datsun 240Z imeingia nyumbani, spana ya kwanza iende wapi?

Ndugu wapenzi wa magari ya zamani,

Nilipoinunua Datsun 240Z yangu, gari la michezo la Kijapani la mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilikuwa imetoka kupakwa rangi, nyekundu ya kumeremeta, na injini ilivuta vizuri. Siku ya tisa nilikuwa kwenye foleni ya kuteremkia feri ya Likoni, mguu juu ya breki, nikahisi pedeli inazama taratibu chini ya kiatu mpaka ikagusa sakafu. Gari likaanza kuserereka kuelekea watu waliokuwa wakishuka kwa miguu. Handibreki ndiyo iliyolishika. Nilipochungulia chini sikuona hata tone: mipira ya ndani ya masta silinda, pampu inayosukuma mafuta ya breki, ilikuwa imekwisha, presha ikawa inapita kando yake na kurudi nyuma. Wakati huo nilikuwa nimeshatoa pesa za usukani wa mbao na rimu nne.

Tangu siku hiyo nafuata mpangilio mmoja, nao ndio ninaowaletea. Kwanza kinachoweza kuua mtu. Pili kinachoweza kuua gari. Tatu kinachofanya lisiwake asubuhi. Kinachoonekana na jirani kinakuja nyuma ya vyote hivyo.

Najua kwa nini ni vigumu kuufuata. Gari hili lina jina kwetu. Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari Rally ya 1971 ndani ya 240Z, na 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews wakashinda tena nayo, baada ya kulingana na Harry Källström aliyekuwa na Datsun 1800 SSS. Mtu akikumbuka yale matope anaona gari halivunjiki. Lakini yale yalikuwa magari mapya yenye mafundi wa timu nyuma yake. Lako limepita miaka 50, na mpira huzeeka hata gari likiwa limelala gereji.

HATUA YA 1: Daftari kabla ya spana

Usifungue kitu. Inua gari kwa jeki, liweke juu ya stendi nne imara (usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja), kisha lala chini na tochi, bisibisi, sumaku ndogo na daftari. Andika kila kinachovuja, kinacholegea, kilichopasuka. Mimi nilitumia saa nne na nikajaza kurasa sita. Baadaye pitia orodha na uweke alama: hili kabla gari halijatoka getini, hili ndani ya miezi mitatu, hili linasubiri.

Kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote ni mtu kulibomoa gari lote kwa wakati mmoja kwa sababu ana hamu. Miezi miwili baadaye boliti zimechanganyika, pesa imekwisha, na gari linauzwa likiwa kwenye maboksi. Fanya kazi moja, ifunge, jaribu gari, ndipo ufungue nyingine.

HATUA YA 2: Breki na matairi

240Z ina diski mbele na ngoma nyuma. Anza kwa mtihani mdogo: washa injini, kanyaga pedeli kwa nguvu ya kawaida na uishikilie kwa dakika moja. Ikizama polepole na huoni kinachovuja nje, masta silinda inapitisha ndani, kama yangu. Ikiwa laini kama sponji, kuna hewa. Ukikanyaga na gari linavuta upande mmoja, shuku kalipa (kibano kinachobana diski) iliyoganda au mpira wa breki uliovimba kwa ndani. Mpira wa namna hii hudanganya, kwa sababu kwa nje ni mzima: unaruhusu mafuta kwenda na kuyazuia kurudi, gurudumu likabaki limeshikwa mpaka linanuka moto.

Ushauri wangu kwa gari usilolijua historia: badilisha mipira yote ya breki, fungua silinda ndogo za nyuma uweke mipira mipya au ununue nyingine, kagua mabomba ya chuma hatua kwa hatua, kisha toa mafuta yote ya zamani uweke mapya ya daraja la DOT 4. Mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewani. Yakikaa miaka mingi huozesha silinda kwa ndani, na yakipata joto la mteremko mrefu maji yaliyomo huchemka na pedeli inapotea.

Jambo moja kuhusu afya, na nawaomba msilipuuze. Viatu vya breki vya zamani vingi vilitengenezwa kwa asbesto. Ukifungua ngoma usipulize vumbi lile kwa kompresa kama tulivyozoea kwenye gereji zetu. Lilowanishe, lipanguse kwa kitambaa, kitambaa ufunge kwenye mfuko ukitupe. Vumbi la asbesto huharibu mapafu miaka mingi baada ya kulivuta.

Matairi: yanaweza kuwa na kashata (meno) nzima na bado yakawa yamekufa. Tafuta ubavuni herufi DOT na usome tarakimu nne za mwisho. 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Yakiwa yamezidi miaka kumi, au hayana tarakimu hizo nne, yatoe, hata kama yanapendeza.

HATUA YA 3: Petroli na umeme, yaani moto

Ukisikia harufu ya petroli ndani ya gari, usiseme "magari ya zamani ndivyo yalivyo". Fuata mpira mmoja mmoja kuanzia tangini hadi kwenye kabureta mbili. Ipo mipira ya kupumulia tangi iliyofichwa nyuma ya paneli za ndani upande wa buti. Hukauka na kupasuka, na hakuna anayeikumbuka. Mpira wa shingo ya kujazia mafuta nao uangalie. Vibano vya waya vilivyolegea vibadilishe vyote. Ni spea za bei ndogo na ndizo zinazolinda gari lisiungue.

Harufu ya moshi wa egzosi ni jambo jingine. Umbo la gari hili hufyonza moshi kuurudisha ndani kupitia mpira wa mlango wa nyuma na gasketi za taa za nyuma. Kichwa kikikuuma kila ukisafiri, sababu yaweza kuwa hiyo, na moshi ule una sumu isiyonusika.

Kwenye umeme, jueni kwamba mkondo wa taa kubwa unapita kwenye swichi yenyewe hapo kwenye usukani, na geji ya ampea nayo inapitisha mzigo mkubwa ndani ya dashibodi. Waya wa miaka 50, kiungo kilichoota kutu, ukiongeza balbu kali, swichi inayeyuka. Toa kisanduku cha fyuzi, angalia nyuma yake kama plastiki imebabuka, safisha kila kiungo, na taa kubwa ziwekee rilei (swichi ya umeme inayobeba mkondo mkubwa) ili swichi ibebe mkondo mdogo tu. Halafu ondoa nyaya zote za redio na alamu zilizoungwa kwa solotepu na wamiliki waliokutangulia. Kwangu zilikuwa kumi na moja.

HATUA YA 4: Kutu

Hapa ndipo gari linapookolewa au kupotea, hasa sisi wa pwani. 240Z haina chesisi ya kujitegemea. Bodi ndiyo chesisi. Fundi akikwambia "ni bodi tu", mwambie kinachobeba magurudumu ni hiyo bodi.

Sehemu za kuchunguza, kwa mpangilio ninaoufuata mimi: chini ya betri, maana asidi iliyomwagika huteremka na kula bati mpaka kwenye reli ya mbele, reli mbili zilizochomelewa chini ya sakafu, sakafu yenyewe, ukiinua kapeti, vizingiti vya chini ya milango, kipande kidogo kati ya mlango na gurudumu la nyuma, na kona za chini za mlango wa nyuma. Chini ya waipa kuna mfereji wa maji. Majani ya mwembe yakiuziba, maji hutuama na kutoboa bodi nyuma ya mbawa za mbele.

Sumaku isiposhika, chini yake kuna puti, dawa ya kujazia mashimo ya bodi. Bisibisi ikiingia kwa kusukumwa na kidole gumba, bati limekwisha. Usikubali kuwekewa kiraka juu ya kutu. Kutu ikatwe mpaka bati safi, bati jipya lichomelewe, ndani papakwe rangi ya kuzuia kutu na nta. Nilimwona fundi mmoja akijaza reli ya sakafu kwa magazeti na puti, akaipiga rangi nyeusi. Kwa macho ilikuwa nzuri kuliko ya kiwandani. Jeki ilipowekwa pale, ilipenya.

Kama reli na vizingiti vimeoza, hatua zote zinazofuata zisimame. Usiweke hata plagi mpya kwenye gari ambalo huenda litahitaji nusu ya bajeti yako kwa kuchomelea.

HATUA YA 5: Injini isife kwa joto

Injini ya L24, silinda sita za mstari, sentimita za ujazo 2,393, ni ngumu kweli. Kinachoiua ni joto na mafuta machafu. Safisha mfumo wa maji, weka themostati mpya, mipira mipya ya rejeta, na kulenti (maji maalum ya kupoza injini) badala ya maji ya bomba. Hedi yake ni ya aluminiamu. Ikichemka sana mara moja tu inaweza kupinda.

Kisha pima kompresheni, yaani presha ndani ya kila silinda: injini ikiwa ya moto, plagi zote sita zimetolewa, akseleta imekanyagwa mwisho. Namba moja moja zisikutishe, angalia tofauti. Silinda ya chini kabisa isipungue asilimia 80 ya ile ya juu kabisa. Ikipungua, tia kijiko cha oili kwenye silinda hiyo upime tena. Ikipanda, ringi zimechoka. Isipobadilika, tazama valvu au gasketi.

Baada ya hapo, na kwa mpangilio huu: valvu (injini ikiwa baridi, 0.20 mm za kuingiza na 0.25 mm za kutoa), pointi na taimingi (wakati wa cheche), kabureta mwisho. Watu wengi wanaanza na kabureta kwa sababu zina skrubu za kuzungusha. Kabureta haziwezi kusawazishwa juu ya valvu zilizobana.

HATUA YA 6: Usukani na miguu

Bushi, boljointi, na viungo vya shafti mbili za nyuma. Ukiachia klachi na kusikia "kong" nyuma, anza na viungo hivyo na mpira unaoshika difu (gia ya nyuma inayogawa nguvu kwa magurudumu). Kilicholegea kwenye usukani hakisubiri miezi mitatu. Kipandishe kwenye hatua ya pili.

Rangi, viti, rimu na redio: mwaka ujao.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Tanga: Shikamoo mwalimu. Langu limelala tangu marehemu baba alipougua, kama miaka minane. Naweza kuweka betri nikapiga stata?

Marahaba, mwanangu, na pole kwa msiba. Usipige stata. Toa plagi, tia oili kidogo kila silinda, iache ilale usiku mmoja, kisha zungusha injini kwa mkono kwa spana kwenye puli ya krenki. Ikigoma, usiilazimishe. Ikizunguka, mwaga oili ya zamani, teremsha tangi ulisafishe, maana petroli ya miaka minane huwa gundi na kutu yake itaziba kabureta zote mbili. Breki zipime kabla ya injini kuwaka, kwa sababu ikishawaka utatamani kulitembeza.

Mwanachama, Nairobi: Fundi wangu anasema niweke mafuta ya silikoni, DOT 5, hayanyonyi maji. Ni kweli?

Ni kweli hayanyonyi, lakini hayachanganyiki na DOT 3 wala DOT 4. Ukiyataka, mfumo wote uwe mkavu na mipira yote mipya. Kwa gari la barabarani baki na DOT 4 na uyabadilishe kila baada ya miaka miwili. Tena angalia chupa vizuri: DOT 5 na DOT 5.1 ni vitu viwili tofauti, ya pili haina silikoni.

Mwanachama, Dar es Salaam: Kaka, mkanda wa taimingi nibadilishe baada ya kilomita ngapi?

Hakuna mkanda, ndugu yangu. L24 ina cheni. Isikilize mbele ya injini ikiwa baridi. Ikipiga kelele kama mnyororo ndani ya debe, kagua kibano chake na reli zake. Ukifungua hedi kwa sababu yoyote, hakikisha cheni imezuiwa kwa kabari isilegee, la sivyo kibano kinachomoka na utalazimika kufungua kava lote la mbele.

Mwanachama, Mombasa: Nataka kuchomelea sakafu ya nyuma. Tangi nilimwage tu petroli au lazima nilitoe?

Litoe. Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu ya mvuke uliobaki. Litoe, lipeleke mbali na kazi, toa na mipira yake, fungua betri, na uwe na mtu amesimama na kizima moto muda wote cheche zinaporuka. Na kapeti pamoja na sponji zilizogandishwa sakafuni zibandue upande wa ndani kabla fundi hajawasha mashine. Mara nyingi moto huanzia huko ndani, fundi akiwa chini haoni.

Mwanachama, Arusha: Harusi ya dada yangu ni Desemba na familia inataka gari liwe limepakwa rangi. Hatua ya 4 sijaimaliza. Nifanyeje?

Lioshe, lipige polishi, liwe na breki nzima. Ukipaka rangi sasa utaikata tena ukianza kuchomelea vizingiti, na moto utaibabua pale ulipochomelea. Bibi harusi akae kiti cha abiria, wewe uendeshe taratibu, na asubuhi ya siku hiyo rudia ule mtihani wa pedeli wa dakika moja.