Jinsi ya Kutembea Njia ya Gengeni Inayopita Kando ya Maporomoko ya Maji

Njia iliyochongwa kwenye ubavu wa genge huwatisha watu kwa kimo chake, lakini katika muda ambao nimekuwa nikiongoza makundi kwenye njia za namna hiyo, nimeona wengi wakiteleza pale walipokwisha kukisahau kimo: kwenye mwamba uliolowa manyunyu, mbele ya maporomoko, simu ikiwa mkononi. Kwa hiyo hatua zifuatazo zinayatazama maji zaidi kuliko urefu.

Hatua ya 1: Kadiria muda

Kanuni ya William Naismith, mpanda milima wa Uskoti aliyeitoa mwaka 1892, bado inafaa: hesabu saa moja kwa kila kilomita 5, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Safari ya kilomita 12 yenye mwinuko wa mita 600 itachukua takriban saa 3 na dakika 24. Gengeni mimi huongeza theluthi nzima, kwa kuwa sehemu nyembamba hulazimisha watu kusubiriana, na hesabu hufika kama saa 4 na nusu, bila mapumziko. Ukishapata jumla hiyo, panga saa ya kugeuka na uitii, hata kama maporomoko ya mwisho yanasikika nyuma ya kona.

Hatua ya 2: Fuatilia hali ya juu ya mto

Utabiri wa mahali unapoanzia hautoshi, kwa sababu mvua iliyonyesha kwenye vyanzo vya mto inaweza kukufikia korongoni huku anga la juu yako likiwa jeupe. Maji yakibadilika rangi ghafla, yakianza kubeba majani na vijiti, au mngurumo wake ukiongezeka, ondokeni chini na mpande, wala msijaribu kuvuka.

Waulize pia wasimamizi wa njia kama iko wazi. Moto wa msituni huua mizizi iliyokuwa imeshika udongo na mawe, na ndiyo maana hatari hubaki muda mrefu baada ya moshi kuisha. Njia ya Eagle Creek katika jimbo la Oregon, Marekani, ilifungwa zaidi ya miaka mitatu baada ya moto wa Septemba 2017.

Hatua ya 3: Funga mzigo uwe mwembamba

Vaa viatu vyenye soli ya mpira iliyochimbika vizuri, na uchomeke ncha za kamba ndani. Kosa ninalolirekebisha mara nyingi zaidi, hata hivyo, ni la begi: chupa au mkeka uliofungwa ubavuni hugonga ukuta wa mwamba na kukusukuma upande wa bonde. Kila kitu kikae ndani au nyuma ya mgongo. Beba filimbi, tochi ya kichwani, koti la mvua, na nguo kavu ndani ya mfuko wa plastiki.

Hatua ya 4: Tembea ubavuni mwa genge

Ukitembea, tazama njia. Ukitaka kutazama mandhari, simama kwanza. Mkono wa upande wa ukuta uwe huru. Palipofungwa waya wa chuma, kama ilivyo Eagle Creek, jaribu kwanza kama umekaza, kisha ushike kwa kiganja bila kuuzungusha kwenye kifundo cha mkono. Mkikutana na kundi lingine, msipishane mahali pembamba. Walio karibu na sehemu pana warudi nyuma na kusimama wakiegemea ukuta. Anayeangusha jiwe, hata dogo, apaze sauti mara moja: «Jiwe!»

Hatua ya 5: Pita kwenye maporomoko

Hapa punguza mwendo kuliko mahali pengine popote. Maporomoko mengi hutokea pale ambapo mwamba mgumu umelala juu ya mwamba laini, kama Niagara, ambako dolomiti imefunika tabaka laini za mawe ya udongo. Maji yanayozunguka chini hula ule mwamba laini, na mdomo wa juu hubaki ukining'inia. Anayesimama ukingoni hawezi kujua kama chini ya miguu yake kuna kitu, kwa hiyo kaa mbali na mdomo huo, na usiogelee wala kuvuka mto juu yake.

Kwenye manyunyu, mwamba mweusi unaong'aa na ule wenye utando wa kijani huteleza vibaya. Tafuta sehemu kavu na zenye chembechembe, piga hatua fupi, na ukanyage kwa wayo mzima. Kubalianeni ishara za mikono kabla ya kufika, maana mngurumo utameza sauti zenu, pamoja na ule wito wa jiwe. Njia ikipita nyuma ya maji, kama kwenye handaki la Tunnel Falls huko huko Eagle Creek, vaa koti kabla ya kuingia na upige picha ukishatoka. Kuruka kwenye dimbwi la chini sikushauri hata kidogo: povu huficha magogo na miamba, na maji baridi hukata pumzi ghafla.

Hatua ya 6: Rudini pamoja

Wakati wa kurudi magoti yamechoka na njia inaonekana imeshazoeleka, kwa hiyo mwenye mwendo wa polepole atangulie. Mtu akiumia, mmoja abaki naye na mwingine asogee hadi kona ambako mngurumo umepungua, apulize filimbi mara 6 ndani ya dakika moja, atulie dakika moja, kisha arudie. Mipulizo 3 ikijibu kutoka mbali, aendelee vivyo hivyo hadi waokoaji wamwone.