Injini Imetoka kwa Fundi na Bado Inakula Oili

Mwenye Peugeot 504 ya zamani ambaye injini yake imetoka kufumuliwa na kufungwa upya, kisha akaona moshi wa buluu ukimfuata, asikubali ifunguliwe tena siku hiyo hiyo. Kwanza ahakikishe kwamba oili inaungua na haivuji. Gari lilale juu ya boksi lililokunjuliwa, na asubuhi, kabla ya kugusa stata, kijiti cha oili kisomwe likiwa mahali tambarare. Boksi likiwa kavu huku oili ikizidi kupungua siku hadi siku, inatokea kwenye ekzosi. Oili iliyojazwa kupita alama nayo hutoa moshi, na dawa yake ni kuipunguza tu.

Kinachosema zaidi ni wakati moshi unapotokea. Ukitoka sekunde chache gari linapowashwa asubuhi, kisha ukakatika, shuku sili za valvu, yaani vizibo vinavyozuia oili kwenye shina la valvu, kwa kuwa oili huteremka usiku kupitia shina la valvu. Nje ya mji, katika barabara ya Gede, kimbia kilomita 70 kwa saa katika gia ya tatu, inua mguu kwa muda, kisha kanyaga, na mwenzako atazame nyuma: wingu likitoka unapokanyaga tena, tatizo ni la valvu vilevile. Moshi usiokatika injini inapovuta mzigo, ukiandamana na pumzi nyingi kwenye mdomo wa kujazia oili, ni wa ringi, pete za pistoni zinazoziba dhidi ya kuta za silinda.

Lakini ringi mpya hazikai mara moja, na kilomita 1,000 za kwanza oili hupungua kuliko kawaida. Hapa Malindi tunaziharibu kwa huruma: gari linapelekwa sokoni polepole, linaachwa likinguruma kivulini, na kuta za silinda zinang'aa kama kioo kabla ringi hazijazishika. Tumia oili ya kawaida isiyo ya sinthetiki, toka barabara kuu, panda kwa nguvu kutoka kilomita 50 hadi 80 kwa saa, achia mguu hadi irudi 50, na urudie mara kumi.

Moshi ukibaki, pima kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya kila silinda, injini ikiwa ya moto, plagi zote zimetolewa na aksileta imekanyagwa hadi mwisho. Mimina kijiko cha oili katika silinda iliyo dhaifu na upime tena. Kipimo kikipanda sana, ringi hazizibi, na kisipopanda, tazama valvu. Kipimo kizuri, hata hivyo, hakiziondolei ringi lawama, jambo ambalo lilinigharimu mwezi mzima. Silinda zangu nne zilipima karibu sawa, ila plagi ya tatu ilitoka nyeusi, imelowa oili, ilhali nyingine zilikuwa za kahawia na kavu. Tulipoitoa pistoni hiyo, alama ndogo ya ringi ya pili, ambayo hutakiwa kutazama juu, ilikuwa imetazama chini: ringi ilifungwa juu chini.