Somo: Hedi ya besi ya bei nafuu, kuanzia dukani hadi jukwaani

Wapiga besi wenzangu, salaam. Somo hili ni la yule aliyechoka kuchomeka gitaa lake moja kwa moja kwenye mixa, halafu akajitafuta kwenye monita ya mwimbaji asijisikie. Mfano wangu ni Hartke HA3500, kwa sababu ndiyo ninayoipigia. Hedi ni amplifaya isiyo na spika ndani yake. Hii ni ya mtindo wa zamani, mitumba yake bei inavumilika, na kila kitufe kiko usoni. Ukiielewa hii, Peavey au Behringer haitakusumbua.

Hatua ya 1: Igeuze mgongo

Kabla hujaomba kuisikia, soma volti zilizoandikwa nyuma. Kuna mitumba inayotoka Marekani, ambako umeme ni volti 120. Wa kwetu Tanzania ni 230. Ukiichomeka hivihivi, ukiwa na bahati fyuzi itakatika. Ukikosa bahati, umeunguza hedi mbele ya muuzaji. Ikiwa ni ya 120, utahitaji transfoma ya kushusha umeme, na si ile ndogo ya redio. Yangu ni ya wati 1000. Bei ya transfoma hiyo itaje mapema wakati mnapatana.

Hatua ya 2: Hesabu ya omu

Hapa naomba utulivu, maana hedi nyingi ninazoona kwa mafundi zimefia hapa.

Omu ni kipimo cha jinsi spika inavyozuia umeme kupita. HA3500 hutoa wati 350 ikibeba omu 4, na wati 240 ikibeba omu 8. Kila kabineti, yaani boksi la spika, ina omu zake, zimeandikwa nyuma karibu na tundu la jeki. Kabineti moja ya omu 8, sawa. Mbili za omu 8 kwa pamoja zinakuwa omu 4, bado sawa, na hapo ndipo hedi inatoa nguvu zake zote. Moja ya omu 4, sawa. Mbili za omu 4 zinakuwa omu 2, na hapo umeshavuka mpaka. Omu zikishuka, mkondo wa umeme unaopita kwenye transista za kutolea sauti unapanda, zinachemka, zinaungua.

Mimi nililipia somo hili. Kwenye harusi moja Temeke niliunga kabineti mbili za omu 4. Nyimbo nne za kwanza besi ilikuwa tamu ajabu, watu wamejaa uwanjani. Wimbo wa tano kimya, kisha harufu. Matengenezo yalimeza malipo yangu ya shughuli tatu.

Na usiumie moyo ukiwa na kabineti moja ya omu 8. Kutoka wati 240 hadi 350 tofauti haifiki hata desibeli 2. Kabineti nzuri itakuongezea sauti kuliko hizo wati.

Hatua ya 3: Waya

Waya wa gitaa na waya wa spika vichwa vyake vinafanana, ndani ni vitu viwili tofauti. Wa gitaa una uzi mwembamba uliozungushiwa wavu wa kuzuia kelele. Ukiutumia kwenye spika unapata moto. Wa spika una nyaya mbili nene. Funga utepe mwekundu kwenye wa spika, usije ukachanganya gizani.

Hatua ya 4: Washa, panga sauti

Shusha volyumu kuu hadi sifuri, unga spika, kisha washa. Gitaa lenye betri liende tundu la "active", lisilo na betri "passive". Utaona vitufe viwili vya kuanzia sauti: kimoja cha tyubu, yaani taa ya kioo iliyomo ndani, kingine cha transista. Anza navyo nusu kwa nusu. Tyubu inaleta joto, transista inaleta ncha ya kidole.

Slaida 10 za ikwalaiza (kila moja ina namba ya hezi, ndogo ni sauti nzito, kubwa ni nyembamba) ziache katikati hadi bendi nzima ianze kupiga. Sauti inayopendeza ukiwa peke yako chumbani hupotea ngoma za bendi zikiingia. Kwenye kanisa la bati au ukumbi wa zege, shusha slaida ya 250 kidogo, mvumo utapungua. Kwenye sebene, pandisha 500 ili vidole visikike kati ya magitaa. Slaida ya 30 usiiguse: waya mnene wa gitaa la nyaya nne unapiga hezi 41, hivyo ukipandisha 30 unaichosha spika bure.

Hatua ya 5: Kwenda kwenye mixa

Tumia tundu la pini 3. Fundi mitambo apate sauti yake, wewe jukwaani ubaki na yako.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanza: *Mkuu, kabineti yangu ni wati 200, omu 8. Hedi haitaiunguza?*
Inaweza, ukiikaza. Ukisikia spika inagonga au kukwaruza, shusha papo hapo. Ukipiga kwa kiasi, mtakaa nayo miaka.

Mombasa: *Shikamoo mwalimu. Nikiunga na mixa unakuja mngurumo, nikichomoa unakwisha.*
Marahaba. Hedi na mixa zinachukua umeme sehemu mbili tofauti. Zilishe kutoka soketi moja. Mngurumo ukibaki, tafuta kisanduku cha DI, kile cha kuunganishia ala na mixa, chenye swichi ya kukata eathi ya waya wa sauti. Ila pini ya eathi kwenye plagi ya umeme usiikate kamwe, kaka. Hiyo ndiyo inayokulinda wewe.

Morogoro: *Tunatumia jenereta kwenye mikutano ya injili. Utaratibu ukoje?*
Jenereta iwake kwanza, itulie dakika kadhaa, ndipo hedi. Wakati wa kuzima, hedi kwanza. Na msijaze mafuta hedi ikiwa imewashwa.

Arusha: *Yangu inakwaruza hata nisipopiga. Nimesikia ni tyubu, nitajuaje?*
Shusha kitufe cha tyubu hadi sifuri, bakiza cha transista. Mkwaruzo ukiondoka, tyubu ndiyo mgonjwa. Ni aina ya 12AX7, inapatikana. Lakini kifuniko kifunguliwe na fundi, dada, maana ndani umeme hubaki hata baada ya kuchomoa. Mkwaruzo ukibaki, badilisha waya wa gitaa kabla hujampelekea.